Kamera imnase mtu, isinase mwarobaini

Mwenye nyumba aliyewasha kurekodi kwa mwendo kwenye kamera za ulinzi, yaani kamera irekodi pale tu kitu kinaposogea, huja na moja ya malalamiko mawili. Simu inalia usiku kucha, akifungua anakuta matawi ya mwarobaini yanayumba. Au pikipiki imetolewa uani, na akirudi kwenye rekodi anakuta picha zimeruka kutoka saa 9:12 usiku hadi saa 9:40, katikati hakuna kitu. La kwanza linachosha, la pili linaumiza. Na mara nyingi la pili huzaliwa na la kwanza: mtu amechoshwa na kelele za simu, ameshusha wepesi wa kuhisi hadi chini kabisa, kamera ikabaki macho makavu isinase chochote.

Dawa ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvifunga pamoja. Kurekodi kuwe kwepesi, kulia kwa simu kuwe kugumu. Rekodi ya bure inakula nafasi ya diski tu, na nafasi hiyo itafutwa yenyewe baada ya siku kadhaa. Mlio wa bure unakula umakini wako, na siku mwizi akija kweli utauzima ukaendelea kulala. Karibu kila mashine ya sasa inakuruhusu kupanga haya mawili kila moja peke yake.

Ninaozungumzia hapa ni mfumo ulioenea kwenye nyumba zetu: kamera nne za waya zinazoingia kwenye DVR au NVR (mashine inayopokea picha za kamera na kuziandika kwenye diski) sebuleni, pengine na kamera moja ya waifai kibarazani. Menyu za kampuni kama Hikvision, Dahua na nyingine zinatofautiana kwa majina, utendaji ni uleule.

Mashine inaona nini

Uhisi wa mwendo wa kawaida haujui mtu wala paka. Picha hugawanywa kwenye viboksi (DVR nyingi za Dahua hutumia viboksi 22 kwa 18), kisha kila kiboksi hulinganishwa na kilivyokuwa kwenye fremu (picha mojamoja za video) zilizotangulia. Pikseli, yaani nukta za picha, zikibadilika kupita kiasi kilichowekwa, mashine inasema kuna mwendo. Kivuli cha wingu kikipita uani kimebadilisha pikseli. Mataa ya bodaboda yakipiga ukuta, vilevile.

Kwenye Dahua kuna vidhibiti viwili, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kinachoandikwa Sensitivity ukikipandisha mashine inakuwa nyepesi zaidi kuhisi. Kinachoandikwa Threshold kinakwenda kinyume: ukikipandisha, mabadiliko yanatakiwa yawe makubwa zaidi ndipo yahesabiwe. Mtu akipandisha vyote viwili akidhani anaongeza ulinzi, mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa. Hikvision kwenye mpangilio wake wa kawaida huwa na kidhibiti kimoja tu, kwa hiyo huko hakuna utata huu.

Kuna mnyororo wa mambo manne, na likikosekana moja hakuna kinachoandikwa kwenye diski wala hakuna onyo. Uhisi uwe umewashwa kwa kamera hiyo. Uhisi huo uwe na saa zake za kufanya kazi. Uwe umeunganishwa na kurekodi, yaani kisanduku cha kamera husika kimewekewa tiki kwenye orodha ya vitendo. Na ratiba ya wiki ya kurekodi iwe imepakwa rangi ya mwendo. Soma ufunguo wa rangi ulio pembeni ya jedwali kwa sababu kila kampuni ina rangi zake. Ukiona alama ya mwendo inawaka juu ya picha lakini rekodi haipo, usihangaike na wepesi wa kuhisi. Uhisi unafanya kazi, kilichokatika ni kuunganisha au ratiba.

Kwenye ratiba hiyohiyo saa ni za mtindo wa 24. Saa mbili usiku ni 20:00; ukiandika 02:00 umepanga saa nane usiku. Mashine nyingi pia hazikubali kipindi kinachovuka usiku wa manane, kwa hiyo usiku mmoja unauandika kwa vipande viwili, 20:00 hadi 24:00 na 00:00 hadi 06:00. Nakili kwenye siku zote saba, kisha bonyeza kitufe cha kuhifadhi kabla hujatoka kwenye ukurasa. Ijumaa na Jumamosi zisizorekodi kitu kwa kawaida zinatokana na mtu kusahau kunakili.

Ukiwa na NVR ya kampuni moja na kamera ya nyingine, anayehisi ni kamera, NVR inasubiri kuambiwa. Iunganishe kwa ONVIF, lugha ya pamoja ya vifaa vya kampuni tofauti, ingia kwenye ukurasa wa kamera yenyewe kupitia anwani yake ya IP, uwashe uhisi huko. Zipo jozi ambazo picha inapita vizuri lakini taarifa ya mwendo haifiki. Zikikataa, rekodi mfululizo, usipoteze wiki nzima ukibembeleza.

Mahali na mwanga kwanza

Kamera ikifungwa urefu wa mita 2.5 hadi 3, ikitazama njia ambayo mtu ataikata kwa ubavu, kazi inakuwa nusu. Anayekata picha kutoka kushoto kwenda kulia hubadilisha viboksi vingi. Anayekuja moja kwa moja kuelekea lenzi hukua taratibu tu, na akitembea polepole anaweza kufika karibu sana kabla mashine haijaamka. Kwa njia ndefu ya kutoka getini, ifunge kamera pembeni ya njia, usiiweke mwisho wake.

Inamishe mpaka anga itoke kwenye picha. Anga haina mwizi, na inadanganya mwanga: kamera inapunguza nuru kwa ajili ya mawingu meupe, uwanja unabaki giza. Ukuta mweupe au dari ya kibaraza ikiwa karibu na lenzi huleta tatizo hilohilo usiku. Mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera hujimulikia gizani, unaugonga ukuta na kurudi, sehemu hiyo inawaka nyeupe, kamera inapunguza nuru ya picha nzima, na mtu aliye mita 10 mbele anakuwa kivuli ndani ya kivuli. Uhisi hautamwona hata ukiweka 100. Sogeza kamera sentimita 20 mbele ya ukuta au izungushe kidogo, tatizo linakwisha.

Wadudu ndio wanaosumbua kuliko kitu kingine chochote. Taa ndogo za infraredi zimeizunguka lenzi, kwa hiyo nondo anayepita sentimita 10 mbele yake anaonekana kama mpira mweupe unaokata uwanja mzima. Nyuma ya nondo huja buibui, anatandaza utando palepale kwenye kioo kwa sababu chakula kipo, na utando ukipeperushwa na upepo kamera inarekodi hadi asubuhi. Halafu mjusi anakuja kumfuata buibui. Futa kioo na kingo zake kwa brashi kavu laini kila wiki au kila wiki mbili. Dawa ya kunyunyizia usiipulizie kwenye kioo, huacha ukungu wa mafuta ambao usiku unang'aa kuliko utando wenyewe.

Suluhisho la kudumu ni kuutenga mwanga na lenzi. Weka balbu ya LED ya wati 10 mita tatu au nne kutoka kwenye kamera, ikimulika uwanja, kisha zima infraredi ya kamera kwenye menyu. Wadudu, na kumbikumbi wakati wa masika, watakusanyika kwenye balbu. Faida nyingine ni kwamba kamera nyingi hubaki kwenye rangi usiku, na polisi wakiuliza shati lilikuwa la rangi gani una jibu. Balbu hiyo ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 3.6 kwa mwezi. Epuka taa inayojiwasha kwa kihisi ndani ya picha hiyohiyo: paka anaiwasha, picha nzima inabadilika kwa mkupuo, na mashine inahesabu mwendo kila kona.

Kama unabaki na infraredi, tazama rekodi za magharibi. Kamera inapohama kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe, kichujio kilicho mbele ya kitambuzi cha picha kinasogea, unasikia hata mlio wake mdogo, na picha nzima inageuka. Rekodi moja kila jioni na moja kila alfajiri si tatizo. Ikigeuka mara kumi, kamera inasitasita kwenye mwanga hafifu. Ongeza muda wa kusubiri kabla ya kugeuka, au ipangie saa maalumu. Huku karibu na ikweta jua halihamihami sana mwaka mzima, kwa hiyo 18:30 hadi 06:30 unaipanga mara moja ukasahau.

Kuchora eneo

Chora eneo kwa kufuata miguu. Mtu lazima akanyage chini, kwa hiyo paka viboksi vya ardhi: mbele ya geti, ujia wa kando ya nyumba, miguu ya ngazi, ardhi chini ya ukuta wa uzio. Acha matawi ya miti, kamba ya nguo, maturubai, tangi la maji linalomeremeta na barabara inayoonekana juu ya geti. Kwa ukuta wenyewe, paka safu moja ya viboksi kwenye ukingo wa juu, kwa ajili ya anayepanda. Kama saa na tarehe vinaandikwa na kamera na si DVR, viache nje pia, maana tarakimu za sekunde hubadilika muda wote.

Sasa ndipo wepesi wa kuhisi unapoguswa. Anzia 50 kwa 100. Mwambie mtu apite pale unapopajali zaidi na palipo mbali zaidi, mchana wa saa saba na usiku wa saa tatu. Apite kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole akiwa ameinama akiambaa na ukuta, amevaa nguo nyeusi. Kila pito likague kwenye rekodi, maana alama ya kwenye skrini peke yake haitoshi. Lililokosekana, pandisha kwa 10, rudia. Yakinaswa yote, ongeza 10 nyingine za akiba. Acha usiku mzima. Asubuhi kagua rekodi za bure na utafute chanzo cha kila moja: tawi, utando, mwanga. Ondoa viboksi vya hapo, kata tawi, futa utando. Ukianza kushusha wepesi katika hatua hii unarudi kwenye pengo la saa tisa usiku.

Sekunde za kabla na za baada

Mashine ya waya huweka sekunde chache zilizopita kwenye kumbukumbu yake ya muda, na mwendo ukitokea huziambatanisha mwanzoni mwa rekodi. Weka sekunde 5 kabla, na 10 kama inaruhusu. Bila hizo, rekodi huanza mtu akiwa ameshaingia na unaona mgongo. Baada ya mwendo, weka sekunde 30. Mwizi husimama kusikiliza, na ukiweka sekunde 5 kila kusimama kwake kunakata rekodi, unabaki na vipande ishirini visivyoungana.

Jambo dogo linaloharibu mwanzo wa rekodi: picha huanza kusomeka kwenye fremu kamili (nyingine huandika mabadiliko tu), na fremu kamili hutokea kwa vipindi. Kwa fremu 15 kwa sekunde, weka kipindi cha 30, yaani fremu kamili moja kila sekunde 2. Mbinu za kubana video zaidi kama H.265+ hurefusha kipindi hicho uwanja ukiwa umetulia. Kwenye kamera ya getini mimi huizima, nabaki na H.265 ya kawaida.

Mtu, gari na mstari

Kamera zenye AcuSense za Hikvision, SMD za Dahua na nyingi za waifai za siku hizi hutofautisha mtu, gari na vinginevyo. Ni msaada mkubwa, na mahali pake ni kwenye mlio wa simu. Chora mstari ndani ya geti au boksi la uwanja, chagua mtu na gari tu, panga saa za usiku, na simu itanyamaza kwa majani na mbwa. Kurekodi kwenyewe kubaki kwenye mwendo wa kawaida. Utambuzi huu humkosa mtu aliyejifunika turubai au mwavuli, anayetambaa, au aliye mbali kiasi kwamba anaonekana mdogo sana kwenye picha. Mwenye nia mbaya hatembei wima katikati ya uwanja ili atambuliwe. Mstari nao uchore ndani kidogo ya picha, usiuweke ukingoni kabisa. Mashine inahitaji kumwona mtu pande zote mbili ili ijue amevuka.

Boksi na mstari visiingie kwa jirani. Dirisha la jirani likiwa kwenye picha, lizibe kwa kiraka cheusi cha faragha kilichomo kwenye menyu. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na nchi zetu zina sheria za kuzilinda, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Dada wa kazi na wapangaji waambiwe kamera ziko wapi.

Hesabu ya diski

Kamera moja ikirekodi kwa kilobiti 2048 kwa sekunde inatumia takriban megabaiti 900 kwa saa, gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne ni 86. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 hivi. Kwa mwendo peke yake, tuseme jumla ya saa 4 kwa siku kwa kila kamera, ni gigabaiti 14.4 kwa zote, na diski ileile inafika miezi miwili.

Kati ya hizo mbili kuna njia ninayoiona bora kwa nyumba: rekodi mfululizo kwa ubora mdogo, na mwendo ukitokea panda kwenye ubora kamili. Rekoda nyingi za Hikvision zina mipangilio tofauti kwa mfululizo na kwa tukio. Weka mfululizo fremu 6 na kilobiti 512, tukio fremu 15 na kilobiti 2048. Mfululizo unakula gigabaiti 5.4 kwa siku kwa kamera. Ukijumlisha na matukio, terabaiti 1 inakupa kama wiki nne kwa kamera nne, na hata uhisi ukimkosa mtu, kivuli chake kipo kwenye diski. Hakikisha kuandika juu ya rekodi za zamani kumewashwa, la sivyo diski ikijaa kurekodi kunasimama. Diski iwe ya ulinzi, kama WD Purple au SkyHawk ya Seagate. Ya kompyuta ya kawaida haikutengenezwa kuandika usiku na mchana.

Saa na umeme

DVR nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye saa za Beijing, saa 5 mbele yetu. Weka GMT+3, zima kabisa mabadiliko ya saa za majira ya joto, kisha washa kusawazisha saa kwa intaneti. Ukisawazisha bila kurekebisha ukanda, kila ukiiweka sawa kwa mkono mashine itairudisha ilikokuwa. Ukikuta umeme ukikatika tarehe inarudi mwaka 2000 au 1970, betri ndogo ya kwenye bodi, mara nyingi CR2032, imekufa. Ibadilishe. Saa ikirudi nyuma, rekodi za usiku huo zinaangukia tarehe ambayo hutawahi kuitafuta.

Kamera inayozimika na kuwaka usiku tu, mchana ikiwa nzima, ina njaa ya umeme. Infraredi zikiwaka inavuta karibu nusu ampea. Fundi akipitisha volti 12 kwenye jozi moja ya waya za kebo ya mtandao kwa mita 30, zinapotea volti 2.6 njiani, inabaki 9.4, na kama waya ni alumini iliyopakwa shaba zinapotea zaidi. Kamera inazima, infraredi zinazimika, umeme unarudi, inawaka tena. Kila mzunguko ni pengo, na baada yake picha nzima inahesabiwa kama mwendo. Tumia jozi mbili kwa pamoja, upotevu unashuka hadi volti 1.3, au vuta waya wa shaba wa milimita mraba 0.75, unashuka hadi volti 0.7.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, ibebe DVR, adapta ya kamera na ruta, vyote vitatu. Watu huweka DVR peke yake, umeme ukikatika inaendelea kurekodi skrini nyeusi nne.

Kamera za waifai na za betri

Za betri hazitazami muda wote. Zina kihisi joto kinachoziamsha, na kuamka kunachukua sekunde moja au mbili, kwa hiyo mwanzo wa tukio huwa haupo. Kihisi hicho hupima tofauti ya joto kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Mchana wa Dar es Salaam ukuta uliopigwa jua ukifika nyuzi 33 hadi 35, sawa na ngozi ya mtu, kamera inaweza kumpitisha bila kuamka. Haihisi kupitia kioo cha dirisha, na inamhisi anayekata kwa ubavu vizuri kuliko anayekuja mbele. Ifunge mlangoni, palipo na kivuli. Uwanja mpana uachie kamera za waya.

Memori kadi ya kamera ya waifai iwe ya aina ya matumizi marefu, na uiformati ndani ya kamera yenyewe. Kadi bandia zimejaa madukani: imeandikwa gigabaiti 128, ndani kuna 8 au 16. Dalili ni rekodi za siku moja tu, au vipande vinavyoorodheshwa lakini havifunguki. Kabla hujaitia kwenye kamera ijaze kwenye kompyuta kwa H2testw, programu ya bure inayoandika hadi mwisho na kusoma tena.

Siku utakapohitaji ushahidi, kitu cha kwanza ni kuzuia diski isiandike juu ya rekodi hiyo: ifunge kwa kitufe cha kufuli kwenye orodha ya mafaili, au zima DVR. Toa faili asili kwa flashi iliyoformatiwa FAT32, pamoja na programu ya kuchezea ambayo rekoda huinakili kwenye flashi hiyo. Usipige video ya skrini kwa simu ukaishia hapo, maana sura iliyosomeka kwenye faili haitasomeka kwenye video ya simu. Linganisha saa ya DVR na saa ya simu yako papo hapo, na kama zinatofautiana andika tofauti hiyo kwenye karatasi utakayokabidhi pamoja na flashi.